Sabuni ya mashati meupe: jinsi ya kuongoza bidhaa mpya kiwandani bila kuunguza mtaji

Hapa Lubumbashi, kiwanda kidogo kikipata wazo la bidhaa mpya, kitu cha kwanza kununuliwa ni mashine. Bosi ameiona kwenye simu, ametuma dola, na mashine iko njiani inakuja kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Ndipo tunapoanza kuulizana tutatengeneza nini hasa na nani atakinunua. Mimi ni mkuu wa uzalishaji kwenye kiwanda cha sabuni Kampemba, na nimeshashiriki kosa hilo: mashine ya kupiga mhuri ilikaa miezi saba chini ya turubai, kwa sababu sabuni iliyoletewa mashine hiyo haikupata mnunuzi.

Mwongozo huu unapita njia ya kinyume: majibu yanunuliwe kwanza kwa pesa ndogo, mashine ije mwisho. Mfano nitakaoufuata ni bidhaa moja niliyoisimamia mwanzo hadi mwisho, kipande cha gramu 200 cha kufulia mashati meupe ya shule. Kama wewe unatengeneza unga, juisi, rangi au matofali, badilisha viungo tu. Mpangilio ni uleule.

Kwanza, jenga milango

Katika miaka ya 1980, profesa mmoja wa Kanada, Robert Cooper, alieneza utaratibu ambao viwanda vingi duniani vinautumia mpaka leo. Kazi ya bidhaa mpya inagawanywa katika vipande, na kati ya kipande na kipande kuna mlango. Kwenye mlango watu wanakaa, wanatazama kilichopatikana, kisha wanaamua: tuendelee, turudi nyuma, au tuache.

Neno gumu ni hilo la tatu. Viwanda vyetu vingi ni vya familia. Mdogo wake bosi akileta wazo, nani atamwambia liachwe? Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuandika masharti ya mlango kabla ya jaribio kufanyika, kwenye karatasi, na bosi mwenyewe atie sahihi. Kwa mfano: "Kama gharama ya kipande itapita franka 542, tunasimama." Matokeo yakija, karatasi ndiyo inayosema hapana, na hakuna mtu anayevunjiwa heshima.

Weka watu watatu mlangoni: wa uzalishaji, wa mauzo na wa hesabu. Mtunza depo aitwe pia, hata kama hapigi kura, kwa maana yeye ndiye anayejua mafuta yaliyoletwa wiki iliyopita yalifananaje. Kiongozi wa mradi awe mmoja tu. Kikao kiwe cha wiki, nusu saa, watu wamesimama mbele ya ubao. Viti hurefusha maneno.

Hatua ya 1: Nenda kwa anayefua

Wazo letu lilitoka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Mama mmoja anayeuza sabuni za miche, zile ndefu anazozikata kwa waya, alishika mche wetu akaniambia: "Baba, hii yenu inaishaka mbio." Sikubishana. Nilimwomba anionyeshe nyumbani kwake.

Tulitembelea nyumba kumi na mbili, nyingi za Katuba na Ruashi, siku za Jumamosi, maana ndiyo siku ya kufua sare. Hatukuuliza "Mngependa sabuni ya namna gani?" Ukimuuliza mtu hivyo atakupa jibu la adabu. Tulikaa, tukatazama mikono. Mambo matatu yalijirudia.

Shati jeupe la mtoto ndilo linalokula sabuni. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu haliachi kola wala mikono ya shati. Mama husugua hapo mara tatu, mara nne, kisha huongeza maji ya javeli, dawa ya kung'arisha nguo, na shati likifika Juni limeshakuwa jepesi kama karatasi.

La pili ni maji. Nyumba nyingi zinatumia kisima, na maji ya ardhi ya chokaa ni magumu: yana madini yanayokamata sabuni na kuigeuza utando wa kijivu badala ya povu. Kiwandani sisi tulikuwa tunajaribu povu kwa maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye tangi. Kwa hiyo miaka yote tulikuwa tunajisifia povu ambalo mteja hajawahi kuliona.

La tatu nililiona kwa macho, na hakuna aliyenitajia. Karibu kila mama alikata kipande cha sabuni katikati kwa uzi kabla ya kumpa binti afue, ili kikiyeyuka kwenye beseni kisiyeyuke chote. Kutokana na uzi huo, kipande chetu kina mfereji katikati, unakivunja kwa vidole. Haukutugharimu kitu zaidi ya kuchonga kalibu upya, na ndio unaosifiwa kuliko yote.

Kutoka hapo andika ukurasa mmoja, usizidi: bidhaa ni ya nani, itamfanyia nini, itauzwa bei gani, na ni kitu gani hairuhusiwi kufanya. Sisi tuliandika: mama mwenye watoto wa shule, iondoe vumbi kwenye kola kwa maji ya kisima, franka 1,000 kipande, isiache rangi kwenye nguo, isichubue mikono. Hilo la "isiache rangi" lilikuja kutugharimu, utaona.

Hatua ya 2: Anza na bei, rudi nyuma hadi kwenye sufuria

Wengi hujumlisha gharama, huongeza faida, kisha huomba Mungu soko likubali. Toyota ilikuwa imeshageuza hesabu hiyo tangu miaka ya 1960: bei ya sokoni ndiyo inayoamua gharama iwe ngapi. Hesabu yenyewe inafanyika hata nyuma ya daftari. Tarakimu zangu ni za mfano, weka zako.

Mteja analipa franka 1,000. Muuzaji wa rejareja anabaki na 150, depo ya jumla 70, usafiri 40. Kiwandani zinafika 740. Kama mko kwenye TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, gawanya kwa 1.16, unapata 638. Toa faida ya asilimia 15, yaani 96. Zinabaki 542, na humo ndimo kila kitu lazima kiingie.

Gawa hizo 542 kabla hujapika hata gramu moja. Malighafi 330. Karatasi na katoni 60. Umeme pamoja na mazuti ya jenereta 55. Wafanyakazi 60. Vipande vitakavyoharibika 37. Usisahau hilo fungu la mwisho. Bidhaa mpya huharibika sana miezi ya kwanza. Kila fungu lina mwenyewe. Mtu wa karatasi akija na 75, aseme atazitoa kwa nani.

Jihadhari na sarafu mbili. Soda kostiki na karatasi za kufungia tunanunua kwa dola, sabuni tunauza kwa franka. Fanya hesabu hiyo mara tatu: kwa kiwango cha leo, kwa franka iliyoshuka asilimia kumi, na iliyoshuka ishirini. Kama bidhaa inakufa kwenye asilimia kumi, huo ni mlango wa kusimama.

Hatua ya 3: Bechi ndogo, daftari kubwa

Pika kilo tano kwa wakati mmoja. Sufuria iwe ya chuma cha pua au plastiki ngumu, kamwe isiwe ya alumini, maana soda huila na kutoa gesi inayowaka. Soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji, wala si maji kwenye soda. Miwani na glavu si za wageni. Ikikurukia, maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu.

Kiasi cha soda hakikisiwi. Kila kilo ya mafuta ya mawese inahitaji takriban gramu 142 za soda ili yote yageuke sabuni; mafuta ya kokwa za mchikichi yanahitaji takriban gramu 176. Kwa kilo 100 zenye mawese 90 na kokwa 10 unapata 12.78 na 1.76, jumla kilo 14.54. Punguza asilimia tatu ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na mikono isichubuke: kilo 14.1. Kama gunia lako la soda lina usafi wa asilimia 98, gawanya kwa 0.98. Hapo ndipo wapishi wengi huchanganya, kisha wanalaumu mafuta.

Mawese hutoa ugumu, kokwa hutoa povu la haraka hata kwenye maji magumu. Kwa hiyo swali letu la bechi ndogo lilikuwa: kokwa asilimia ngapi, kwa maji ya kisima cha Katuba, ndani ya franka 330? Tulipika mara kumi na moja. Kila bechi ilipata namba, tarehe, chanzo cha mafuta, joto la kuchanganyia, dakika hadi ujiuji kukaza, na uzito wa kipande siku ya 1, ya 7, ya 14 na ya 28. Badilisha kitu kimoja tu kati ya bechi na bechi. Ukibadilisha viwili na sabuni ikawa nzuri, hujajifunza chochote.

Hapa ndipo lile sharti la "isiache rangi" lilipotubana. Mawese mekundu yanayokuja kwa treni kutoka upande wa Kongolo ni ya bei nzuri, lakini hutoa sabuni ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo haishiki nguoni ukisuuza vizuri, nimejaribu kwa kitambaa cheupe mara ishirini. Lakini mama akiona kipande cha rangi ya chungwa juu ya shati jeupe, haendelei kusikiliza. Mafuta yaliyosafishwa yalipandisha malighafi hadi 361. Tulirudi mlangoni. Mtu wa mauzo alitaka bei ipande, mimi nilitaka kipande kipungue hadi gramu 180. Mtu wa hesabu ndiye aliyetuokoa: karatasi iwe ya rangi mbili badala ya nne, tujipashie joto mafuta mekundu wenyewe kupunguza rangi, tuchanganye na yale meupe. Sabuni ikatoka ya rangi ya maziwa ya mgando, malighafi 338, karatasi 52. Fungu moja lilizidi kwa nane, jingine likarudisha nane.

Hatua ya 4: Iharibu mwenyewe kabla ya soko

Chukua nusu siku, kaa na watu wa mashine, mtunza depo na dereva. Kila mmoja ataje jinsi bidhaa itakavyoharibika. Kila ubaya upewe alama tatu, kuanzia 1 hadi 10: utaumiza kiasi gani, utatokea mara ngapi, na ni vigumu kiasi gani kuugundua kabla haujatoka getini. Zidisha. Jeshi la Marekani lilikuwa na utaratibu wa aina hii tangu mwaka 1949, na viwanda vya magari vikaufanya kuwa sheria.

Sisi tulipata makosa thelathini na kitu. "Kipande kuvunjika kwenye mfereji ndani ya katoni" kilipata 5 × 4 × 3, yaani 60. "Sabuni kutokwa jasho wakati wa mvua" tuliipa 7 × 2 × 8, yaani 112. Alama ya katikati, ile 2, niliiandika mimi. Vipande vyote vya majaribio vilikuwa vikavu kama mfupa, hivyo nilisema haitatokea mara nyingi.

Ilikuwa Julai.

Julai ya Lubumbashi ni baridi kavu. Hata ngozi ya mtu inapasuka. Kipande kilichopikwa Jumatatu kilikauka kabla ya wiki mbili. Tulizindua Septemba, shule zilipofunguliwa, na mambo yakaenda vizuri hadi mvua zilipokaza. Desemba, katoni zikaanza kurudi. Sabuni yenye gliserini ndani hunyonya unyevu wa hewani, na kile ambacho Julai kilikauka kwa wiki mbili, Desemba hakikukauka kwa tano. Wafungaji, kwa kuwa ratiba ilisema siku kumi na nne, walifunga vipande vibichi. Karatasi ikaganda kwenye sabuni, katoni zikalowa chini, na vipande vilivyobaki kwenye meza za jua vikapoteza maji hadi vikafika gramu 171 huku karatasi ikisema 200. Tani mbili kasoro kidogo zilirudi, tukaziyeyusha upya.

Kwa hiyo fanya hivi, haijalishi mnajaribu mwezi gani. Chukua pipa lenye mfuniko, weka maji sentimita tano chini, wavu juu yake, na vipande juu ya wavu. Funga. Hiyo ni Januari yako. Vipande vingine viweke juu ya bati juani. Huo ni mwezi wa tisa juu ya meza ya soko. Pima kila siku mbili kwa wiki nne. Na usiandike kwenye ratiba "kausha siku 14". Andika "kausha mpaka uzito usipungue zaidi ya gramu 1 kwa siku tatu". Mvua haisomi kalenda yako.

Hatua ya 5: Kutoka kilo 5 hadi 500

Usiruke. Kilo 5, kisha 50, kisha 500. Tangi kubwa si sufuria iliyonenepa: ujiuji mwingi hujipasha joto wenyewe, unakaza haraka kuliko ulivyozoea, na mchanganyaji asipofika pembeni kunabaki madonge ya soda. Donge moja likimfikia mama mikononi, jina lako limekwisha mtaa mzima. Pima bechi kwa tone la fenolftaleini kwenye kipande kilichokatwa katikati. Sehemu ikigeuka waridi iliyokoza, bado kuna soda huru.

Jaribio ambalo hutalipata kwenye miongozo ya Ulaya: zima umeme makusudi. Tulipofika kilo 500, dakika ya kumi na mbili ya kuchanganya, nilimwambia fundi akate swichi. Delestaji, yaani mgao wa umeme, haitoi taarifa, kwa hiyo afadhali ije ukiwa umejiandaa. Ilichukua dakika sita kuwasha jenereta, na ujiuji ulikuwa umeshakaza nusu. Tulitengeneza mpini wa mkono kwa bomba la inchi mbili. Watu wawili wanaweza kuzungusha hadi jenereta iwake. Mpini huo ulitumika mara nne mwezi wa kwanza.

Hatua ya 6: Karatasi za serikali

Peleka sampuli za bechi ya kilo 500, si ya sufuria, kwenye OCC, ofisi ya udhibiti iliyopo tangu mwaka 1974. Peleka kabla ya kuchapa karatasi za kufungia, kwa sababu jambo likibadilika, uzito ulioandikwa kwa mfano, utakuwa umebaki na karatasi elfu hamsini za kuwashia mkaa. Jina na alama ya bidhaa visajiliwe wizara ya viwanda. Sheria ya mali ya viwanda ipo tangu 1982, na anayesajili kwanza ndiye anayelala usingizi. Pesa na muda wa mambo haya viwe kwenye ratiba tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Uza kidogo, subiri mara ya pili

Tulichagua masoko mawili tu, Kenya na Katuba, wauzaji kumi na wawili, katoni tano kila mmoja, wiki sita. Likasi na Kolwezi zilitupigia simu, tulizikatalia. Kilomita 120 au 300 za barabara ni njia ndefu ya kurudishia sabuni mbaya.

Mauzo ya kwanza usiyafurahie, ni udadisi. Mpe kila muuzaji daftari dogo na umwombe apige mstari kila mteja anaporudi. Mama yule wa "inaishaka mbio" hakutaka daftari. Alitumia vizibo vya chupa ndani ya kopo, kimoja kwa kila aliyerudi, na hesabu yake ilikuwa safi kuliko ya wote. Sharti letu la mlango lilikuwa kwamba wanne katika kila kumi warudi ndani ya wiki sita. Muuzaji aliyeshindwa tulimtembelea, na mara mbili tulikuta tatizo ni mahali alipopanga, karibu na samaki wakavu.

Hatua ya 8: Sasa nunua mashine

Mpaka hapa mhuri tulipiga kwa mkono, vipande 900 kwa siku. Ilikuwa taabu, lakini ilitufundisha kalibu inavyochakaa na mfereji unavyotaka kina kiasi gani: milimita nne, chini ya hapo hauvunjiki, juu ya hapo unavunjika njiani. Ukiagiza mashine ukiwa na namba hizo, unamwambia muuzaji unachotaka badala ya yeye kukuambia alichonacho. Uliza pia vipuri viko wapi na inakula umeme kiasi gani inapoanza kuzunguka, maana hapo ndipo jenereta ndogo huzimika. Ile mashine ya chini ya turubai, tulipoitazama tena tukiwa na namba mkononi, ilihitaji kalibu mpya tu.

Hatua ya 9: Siku tisini baada ya uzinduzi

Timu isivunjwe siku ya ngoma. Kwa siku tisini kikao cha wiki kiendelee, na malalamiko yote yaingie daftari moja, hata lile la kipuuzi. Fomula iwe na namba ya toleo. Mtunza depo akipata mafuta ya bei rahisi kutoka kwa mtu mwingine, sawa, lakini yanapita kwanza bechi ya kilo tano, pipa la Januari na maji ya kisima, ndipo toleo libadilike.

Na katika kila bechi, weka vipande viwili kando, tarehe kwenye mkanda wa karatasi, juu ya rafu iliyo wazi. Kila mwisho wa mwezi vipimwe. Rafu yangu leo ina vipande vya miezi kumi na minne. Kilicho chepesi kuliko vyote kina gramu 196, na ni cha Julai.